Walichekwa Nchi Nzima, Mwaka Uliofuata Wakabeba Kombe

Mwezi huu safu yetu inaingia uwanjani. Kama wewe ni mtu wa michezo, kaa mkao wa kula. Kama mpira wa kikapu haukuhusu kabisa, tafadhali usifungue ukurasa unaofuata, maana habari hii ni ya aibu, na aibu haichagui mwenyewe.

Kuna swali ambalo wapenzi wengi hawajiulizi mpaka yawakute: siku mkiaibika mbele za watu, mtafanya nini? Biashara imekufa na mlishawatangazia ndugu. Kazi imeota mbawa. Harusi imeahirishwa na kadi zilishagawiwa. Hapo ndipo mnapojuana. Sasa twende Marekani, katika mji wa Charlottesville, tukaone timu ya chuo iliyopitia aibu kubwa kuliko timu yoyote ya wanaume kabla yake, na jinsi mashabiki wake wanavyoikumbuka leo.

Usiku wa Charlotte

Kila Machi vyuo 68 vya Marekani hukutana kwenye mashindano ya mtoano. Ukifungwa mara moja, unafungasha virago. Timu hugawanywa katika kanda nne, na kila kanda ina namba 1 hadi 16. Namba 1 ndiyo inayopewa nafasi kubwa, namba 16 ni msindikizaji tu. Tangu mfumo huo uanze mwaka 1985, kwa upande wa wanaume namba 1 na namba 16 walikuwa wamekutana mara 135. Namba 1 walishinda zote 135.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Virginia kilikuwa namba 1, tena namba 1 ya mashindano yote. Kabla ya msimu wachambuzi hawakuwa wameipa timu hiyo nafasi yoyote ya maana, lakini ikafika Machi ikiwa imeshinda mechi 31 na kupoteza 2 tu. Machi 16, mjini Charlotte, ikapangiwa UMBC, chuo cha jimbo la Maryland ambacho Wamarekani wengi hata jina lake hawakulijua. De'Andre Hunter wa Virginia alikuwa nje, kwani alivunjika kifundo cha mkono siku chache kabla. Hata hivyo nani angeogopa?

Mapumziko wakaenda 21 kwa 21. Kipindi cha pili, jamani, ikawa balaa. Jairus Lyles wa UMBC alifunga pointi 28, na filimbi ya mwisho ubao ulisomeka 74 kwa 54. Sio kwamba Virginia walifungwa kwa kikapu cha bahati sekunde ya mwisho. Walipigwa kwa pointi 20! Usiku ule nchi nzima ikawacheka. Akaunti ya Twitter ya UMBC ilikuwa gumzo kila kona, na jina Virginia likageuka kichekesho.

Waliitaja kwa jina

Sasa angalia walivyofanya, maana hapa ndipo penye somo letu.

Kwanza, hawakuificha. Kocha Tony Bennett alikaa mbele ya waandishi usiku uleule, akawapongeza waliomfunga na kukiri kwamba timu yake ilizidiwa kila idara. Hakumtupia mwamuzi lawama, wala hakujificha nyuma ya mkono wa Hunter. Kyle Guy, mmoja wa nyota wake, aliandika barua ndefu kwenye Facebook akieleza wasiwasi mzito uliokuwa ukimsumbua hata kabla ya mechi ile. Kijana wa kiume, mwanamichezo, anasema hadharani kwamba ana hofu! Kisha picha yake ya usiku ule, ameinama kwa uchungu, akaiweka kwenye simu yake awe anaiona kila siku.

Na nyumbani kwa kocha? Mkewe, Laurel, ndiye aliyekutana na hotuba ya mtunza hadithi mmoja, Donald Davis, kwenye mtandao, akamwonyesha mumewe. Ujumbe wake ulikuwa kwamba pigo ukijua kulitumia linaweza kukufikisha mahali ambapo usingefika kwa njia nyingine. Bennett akaupeleka kwa wachezaji, na msimu mzima akawa anaurudia. Dada zangu na kaka zangu, mnaona? Mke hakumwambia mumewe asahau yaliyopita. Alimtafutia namna ya kuyabeba.

Hawakukimbiana

Pili, walibaki pamoja. Hunter angeweza kuondoka kwenda kutafuta mamilioni ya NBA, akarudi chuoni. Guy akarudi. Ty Jerome akarudi. Mamadi Diakite, kijana wa Conakry, Guinea, naye alikuwepo. Tatu, walibadilisha kilichohitaji kubadilishwa. Ulinzi wao uliosifika waliuacha kama ulivyo, lakini kwenye kushambulia wakaongeza mbinu mpya, na wakaleta damu mpya kama Kihei Clark, kijana mfupi mwenye mbio zake.

Hapa wapenzi wengi ndipo tunapochemsha. Wengine wanabaki pamoja lakini hawabadilishi chochote, wakitegemea mapenzi yafanye kazi yote. Wengine wanabadilisha kila kitu mpaka kile kilichokuwa kizuri. Virginia walijua kipi cha kushika na kipi cha kuacha.

Machi nyingine

Machi 22, 2019, mjini Columbia, South Carolina. Virginia ni namba 1 tena. Mpinzani ni namba 16 tena, Gardner-Webb. Na kipindi cha kwanza, amini usiamini, Virginia wakawa nyuma kwa pointi 14! Hebu vaa viatu vya shabiki aliyekuwa Charlotte mwaka mmoja kabla. Tumbo linauma, na jirani anakuangalia kwa jicho la huruma. Lakini timu haikupaniki. Wakarudi polepole, wakamaliza 71 kwa 56.

Wakaifunga Oklahoma, wakaifunga Oregon. Robo fainali, mjini Louisville, wakakutana na Purdue ya Carsen Edwards, aliyewafunga pointi 42 peke yake. Zimebaki sekunde 5.9, Virginia wako nyuma. Jerome anakosa mtupo huru, Diakite anaugusa mpira unarudi mbali nyuma, Clark anaukimbilia, anainua kichwa na kumrushia Diakite pasi ndefu. Diakite anaachia, kengele inalia mpira ukiwa hewani. Ndani! Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Virginia 80, Purdue 75.

Nusu fainali na Auburn ilikuwa ya presha zaidi. Wako nyuma kwa pointi 2, zimebaki sekunde 0.6, Guy anachezewa faulo akitupa mtupo wa pointi tatu. Anasimama mstarini peke yake mbele ya watu zaidi ya elfu sabini. Yule kijana wa ile barua ya wasiwasi! Wa kwanza ndani, wa pili ndani, wa tatu ndani. 63 kwa 62.

Fainali ilikuwa Aprili 8, 2019, mjini Minneapolis, dhidi ya Texas Tech. Nyuma kwa pointi 3, zikiwa zimebaki sekunde kama 13, Hunter akatupa ya pointi tatu na kusawazisha. Huyu ndiye aliyekosa usiku wa Charlotte kwa mkono uliovunjika. Akamaliza na pointi 27, na katika muda wa nyongeza Virginia wakashinda 85 kwa 77. Lilikuwa kombe lao la kwanza katika historia ya chuo.

Tusidanganyane

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kila aliyeaibika atabeba kombe. Bahati nayo ilikuwepo. Muulize shabiki wa Auburn, atakukumbusha kwamba sekunde chache kabla ya ile faulo Jerome alidunda mpira mara mbili kinyume cha sheria, na waamuzi hawakuona. Na baada ya 2019, Bennett hakushinda tena hata mechi moja ya mashindano hayo mpaka alipostaafu Oktoba 2024. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini koleo jipya nalo si la milele.

Tena aibu yenyewe imepata mwenzi. Machi 2023 Purdue, walewale walioliwa na Diakite, walifungwa wakiwa namba 1 na Fairleigh Dickinson, namba 16. Wakafuata njia ileile, hawakutawanyika, na mwaka 2024 wakafika fainali. Huko walifungwa na UConn. Hawakubeba kombe, lakini nani atasema hawakurudi?

Ila kinachonifurahisha zaidi ni hiki. Unamkumbuka kocha wa UMBC usiku ule wa Charlotte? Anaitwa Ryan Odom. Utotoni aliishi Charlottesville, baba yake akiwa kocha msaidizi palepale Virginia. Machi 2025 chuo kilipotafuta kocha mkuu mpya, kikamwajiri yeye. Mtu aliyewaliza kuliko wote akafunguliwa mlango wa mbele! Ndiyo maana shabiki wa Virginia hawezi kukusimulia kombe bila kuanzia Charlotte. Kidonda kilichofungiwa ndani hakikuruhusu hayo. Kilichoanikwa kikapona, ndicho kinachokuruhusu kumkaribisha hata aliyekitia.

Kwa hiyo wiki hii, mkishamaliza chakula cha jioni na simu mmeziweka pembeni, ulizaneni: lipi letu ambalo tumelifungia? Mkopo ule? Mimba iliyoharibika, ambayo hamjawahi kuizungumzia tena? Maneno yaliyotamkwa mbele ya wakwe? Litajeni kwa jina lake. Mmoja asimhukumu mwenziwe, na mmoja asimwachie mwenziwe alibebe peke yake. Mkishalitaja, amueni kipi mnabadilisha na kipi mnakiacha kama kilivyo.