Gati Lililofukiwa

Mji wa Rio de Janeiro, nchini Brazili, husifiwa na kila aliyeupitia. Husifiwa kwa fukwe zake za Copacabana na Ipanema. Kwa milima yake, Pão de Açúcar wenye mita 396 uliochomoza kando ya maji, na Corcovado wenye mita 710, ambao kileleni mwake imesimama tangu 1931 sanamu ya Kristo aliyenyosha mikono. Na kwa sherehe yake ya Kanivali, ifanywayo kila mwaka kabla ya Kwaresima. Sifa hizo ni za kweli, na mwenye macho haambiwi tazama.

Ugomvi wangu basi si na fukwe wala milima. Ugomvi wangu ni na desturi ya kuvitaja vitu hivi vitatu kwa pumzi moja, kana kwamba ngoma nayo ni zao la maumbile, iliyojiotea yenyewe kama mnazi ufukweni. Mlima haukujengwa na mtu. Kanivali imejengwa na watu, na watu hao wana historia. Aisifuye ngoma bila kuwataja walioiunda ameiba, hata kama amelipa kiingilio.

Niliuzuru mji huo nikiwa katika ujumbe wa kikazi. Mwenyeji wetu, mtu mwungwana, alituzungusha siku mbili, pwani na milimani. Nilipomwomba atupeleke Valongo alitazama saa yake, akasema kule hakuna cha kuona, ni mawe tu. Hakusema uongo. Ni mawe tu. Lakini na tuulize, mawe hayo ni ya nini?

Gati la Valongo lilijengwa mwaka 1811. Inakadiriwa kwamba Waafrika wapatao 900,000 waliingizwa Amerika ya Kusini kwa kupitia hapo, wakauzwa kama bidhaa. Wengi wao walitoka Kongo na Angola. Lakini wengine walitoka Msumbiji, jirani zetu, katika upwa huu huu wa Bahari ya Hindi. Waliokufa mara baada ya kufika walifukiwa kwa pamoja karibu na hapo, na mifupa yao ilionekana tena mwaka 1996, wenye nyumba moja walipokuwa wakiikarabati.

Mwaka 1843 mji ulitarajia mgeni mkubwa: Teresa Cristina, aliyekuwa akija kwa mumewe, Mfalme Pedro wa Pili. Gati likafukiwa, mawe mapya yakatandazwa juu ya yale ya zamani, likapewa jina la malkia huyo. Mgeni akashuka pasipo kulikanyaga jiwe la aibu. Halikufukuliwa hadi mwaka 2011, bandari ilipokuwa ikitengenezwa upya kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 2016. Gati lilizikwa kwa ajili ya mgeni, likafufuka mji ukimngoja mgeni mwingine! Hata UNESCO iliingiza mandhari ya milima na bahari ya Rio katika Urithi wa Dunia mwaka 2012, na gati la Valongo mwaka 2017. Mlima ulitangulia, mtu akafuata.

Brazili iliufuta utumwa mwaka 1888, ikiwa nchi ya mwisho katika Amerika yote. Walioachwa huru hawakupewa ardhi wala fidia. Wengi walijibanza vilimani na katika mitaa iliyo karibu na bandari. Huko, katika nyumba za wanawake kama Hilária Batista de Almeida, aliyejulikana kwa jina la Tia Ciata, samba ililelewa, na huku polisi wakiwaandama wapigaji wake. Mwaka 1928 kilizaliwa chama cha Deixa Falar. Mwaka 1932 yakafanyika mashindano ya kwanza ya vyama vya samba. Na mwaka 1984 serikali iliifungulia ngoma hiyo uwanja mkubwa uliobuniwa na Oscar Niemeyer. Kilichokuwa kosa kimekuwa fahari ya taifa. Je, mabadiliko hayo yaliletwa na mchanga wa Copacabana?

Wapo watakaosema: mgeni amekuja kupumzika, kwa nini umtwishe mizigo ya marehemu? Jibu wamelitoa wachezaji wenyewe. Mwaka 1988, miaka 100 tangu utumwa ufutwe, chama cha Vila Isabel kilitwaa ubingwa kwa onyesho lililoitwa Kizomba, neno la Kimbundu cha Angola. Mwaka 2019 chama cha Mangueira nacho kilishinda kwa kuwatukuza mashujaa ambao historia ya vitabuni iliwaacha nje. Wachezaji hawakuona kwamba kumbukumbu inaharibu furaha. Waliishona kumbukumbu katika mavazi, wakaipiga katika ngoma, wakaicheza usiku kucha. Sisi watazamaji ndio tunaotaka furaha isiyo na wazazi.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mwanafunzi anaposoma kwamba mji fulani ni maarufu kwa fukwe, milima na sherehe, mfundisheni kuuliza: sherehe ya nani? Ilipigwa marufuku na nani? Leo faida yake inakwenda kwa nani?

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba nayasema hayo kwa ajili ya Brazili peke yake. Bagamoyo nako kuna mchanga mweupe, na juu ya mchanga huo walipita watu wenye minyororo. Nasi pia tuna ngoma ambazo huchezwa hotelini mbele ya wageni, zikifupishwa ili chakula chao kisipoe, bila mtu kueleza zilichezwa kwa arusi, kwa jando au kwa msiba. Kila tunapoikata ngoma hivyo tunatandaza jiwe jipya juu ya la zamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji aliyejifukia mwenyewe ili mgeni apendezwe, atapona nini?