Ohangla Haijawahi Kumpa Mtu Mimba

Wasee wa Migori na Homa Bay, leo tuambiane ukweli. Kila tukisikia wasichana wa shule wamepata mimba, lawama inaangukia ngoma. Mkubwa anasimama mbele ya kamera, anapiga marufuku disko matanga, polisi wanabeba spika, kesi imeisha. Mimi nakataa.

Ohangla ilikuwepo kabla ya spika. Ngoma zake ziliwambwa ngozi ya kenge, zikapigwa harusini na matangani. Baadaye kinanda kikaingia, Tony Nyadundo akaifikisha kwenye klabu za Nairobi, Lady Maureen akashika maiki akaongoza wanaume. Huu ni urithi, tena ni kazi inayolisha watu.

Sasa angalia pesa inavyotembea usiku ule. Kuna pakruok: mtu anatoa noti, muziki unashuka, anajisifu yeye na kwao, watu wanashangilia. Nani ana noti za kutupa hivyo? Si msichana wa kidato cha pili. Ni watu wazima, wengine wana bibi na watoto nyumbani. Na kuna wale ambao wakimaliza kusifiwa wanamnunulia mtoto wa wenyewe soda, kisha wanaita boda.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haina utani: ukimnajisi msichana wa miaka 16 au 17, ni jela miaka isiyopungua 15. Lakini kijijini kesi inamalizwa chini ya mti. Mbuzi mmoja, pesa kidogo, wazee wananyamaza. Kesho yake wanalaumu kinanda!

Utaniambia, "Lakini watoto wanakesha huko." Ni kweli, mtoto wa shule hana shughuli matangani saa nane usiku. Basi mzazi amrudishe nyumbani, na mchango wa mazishi ufanywe mchana, ohangla ikiwepo. Mbona wakati wa kampeni inapigwa mchana kweupe juu ya lori, na hakuna mheshimiwa anayesema inaharibu watoto?

Ukijua mtoto aliyedhulumiwa, usikubali yaishie kwa mbuzi. Piga 116, ni bure. Halafu mtag chifu wako hapa chini, umuulize: tangu uanze kukamata spika, umeshakamata wanaume wangapi?