Mboga Uidharauyo

Upepo wa kusi uvumapo, bahari yetu ya Msambweni huchafuka, wavuvi wakavuta ngalawa zao mchangani na samaki akawa adimu. Hapo ndipo utamwona mtu aliyewacheka Wajaluo kwa kula omena akinunua dagaa hao wa Ziwa Victoria, na kuwaficha chini ya kikapu. Nami nimo katika watu hao.

Siku moja jirani yangu Mjaluo alinikuta nao. Hakunicheka, bali alisema kwa lugha yake: "Alot michayo ema tieko kuon." Maana yake, mboga uidharauyo ndiyo imalizayo sima. Niliona haya. Miaka mingi tumeamkiana, na methali hiyo sikuwa nikiijua, ingawa ndugu yake tunaye: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Wajaluo huiita methali ngero. Alinipa na nyingine: "Jarikni jamuod nyoyo gi kuoyo," yaani mwenye pupa hutafuna pure na mchanga. Sisi husema haraka haraka haina baraka. Lakini kukosa baraka mtu aweza asitambue. Mchanga huusikia menoni papo hapo.

Nayaandika haya kwa kuwa uchaguzi wa 2027 u mbele yetu, na maneno ya "wabara" na "wenyeji" yana desturi ya kurejea na kura. Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, machafuko yalizuka Likoni yakaenea hadi Kwale. Watu wa bara, Wajaluo miongoni mwao, waliuawa na kufukuzwa makwao. Kisha msako wa polisi ukawaumiza vijana wetu. Sote tulitafuna mchanga.

Wanasiasa wana lawama yao. Lakini mchochezi hupanda mahali palipokwisha kulimwa, na jembe lake ni dharau. Sisi huwacheka wabara kwa vyakula na mila zao. Wao hutuita wavivu. Surat Hujurat yatukataza kuwacheka watu wengine, kwani huenda wao wakawa bora kuliko sisi. Si hayo hayo aliyoniambia jirani yangu kwa mfano wa mboga?

Basi, ndugu msomaji, muulize jirani yako ngero moja, nawe umpe methali yako. Fanyeni hivyo sasa, kabla hajaja wa jukwaani kuwafundisha majina ya kuitana.