Chenji ya Hela Ambayo Haijaingia

SAFU: GULIO NA MTANDAO
Na Gervas Ntahondi

Utapeli wa mnunuzi wa mtandaoni ni udanganyifu ambao mtu hujifanya anataka kununua kazi ya sanaa, kisha akazungusha maneno mpaka msanii ndiye anayetoa hela. Kikapu, ngoma au picha yenyewe mara nyingi haimhusu tapeli hata kidogo. Anachotaka ni fedha au namba ya siri ya simu, na akiweza, vyote viwili. Hila zake ni nyingi, lakini zote zina umbo moja: msanii anadaiwa chenji ya hela ambayo haijaingia.

Gulioni hila hiyo haina nafasi. Msukaji wa Kitanga, mkoani Kigoma, anapoweka vikapu chini, mnunuzi huvigeuza, hubonyeza kitako, hupatana bei, kisha noti na kikapu hubadilishana mikono kwa wakati mmoja. Simu imeleta faida kubwa, kwani picha iliyopigwa mlangoni Kasulu au Kibondo huonekana Dar es Salaam, Nairobi na Toronto kabla jua halijazama. Lakini simu imeondoa ile dakika ambayo hela na mzigo vilionekana pamoja, na tapeli hukaa katika pengo hilo. Pengo ni pana zaidi kwa wasanii walio kambini Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mkimbizi hatakiwi kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo hawezi kumfuata mteja mjini kumtazama usoni.

Ujumbe wa kwanza wa tapeli kwa kawaida ni mtamu na hauna mwili. Anasifu kazi zote, haitaji hata moja. Anasema mke wake amezipenda na anataka kumshtukiza siku ya kumbukumbu ya ndoa, au kwamba anahamia nchi nyingine na anapamba nyumba mpya. Haulizi kimo cha ngoma, ngozi iliyotumika wala muda wa kusuka. Bei haipunguzi. Mnunuzi wa kweli huuliza maswali ya kuchosha, kwa sababu hela atakayotoa ni yake. Anayekubali kila kitu bila swali hajakusudia kulipa.

Hatua ya pili ni malipo ya uongo, na hapa hila ya kawaida ni ya kuzidisha. Chukulia vikapu 12 vya Sh 25,000 kila kimoja, jumla Sh 300,000. Unaingia ujumbe kwamba zimepokelewa Sh 480,000. Dakika chache baadaye mnunuzi anapiga simu akihema: amekosea, arudishiwe Sh 180,000 haraka, mtoto yuko hospitali. Ujumbe ule haukutoka kwenye mtandao wa simu. Umeandikwa na mtu na kutumwa kwa namba ya kawaida, na salio halijaongezeka hata senti. Msanii akirudisha, anatoa Sh 180,000 zake mwenyewe, na vikapu vikiwa vimeshapakiwa, hasara inakuwa mara mbili. Watanzania wanaijua hila hii kwa sura yake nyingine, ule ujumbe maarufu wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Tofauti ni kwamba huu wa sasa umevaa joho la mteja.

Kwa wateja wa nje, hundi au kadi ya benki hufanya kazi ileile. Benki inaweza kuonyesha kiasi cha hundi kwenye akaunti kabla hundi haijathibitishwa, na ikibainika kuwa ni bandia, kiasi hicho huondolewa. Malipo ya kadi ya wizi nayo hurudishwa pale mwenye kadi anapolalamika, hata baada ya miezi kadhaa. PayPal hutumiwa kwa namna yake. Kwa miaka mingi akaunti za PayPal zilizofunguliwa Tanzania zimekuwa za kulipia, si za kupokea. Tapeli hutuma barua pepe yenye nembo ya kampuni hiyo, ikisema malipo yamezuiliwa mpaka msanii alipe ada ya “kupandisha daraja” akaunti yake. Msanii asiyejua mpaka huo huamini kwamba kasoro ni yake.

Hila ya tatu ni ya wakala wa usafirishaji. Mnunuzi anadai ana mtu wake wa kuchukua mzigo, lakini mtu huyo lazima alipwe kwanza kwa simu, na gharama imeshajumlishwa katika malipo “yaliyotumwa”. Wakala na mnunuzi ni mtu mmoja mwenye laini mbili. Ya nne huwapata wachoraji wanaouza picha za kidijitali: wanaahidiwa fedha nyingi, ila kwanza walipe ada ya kusajili picha kwenye tovuti ambayo tapeli mwenyewe ameifungua. Ya tano huvilenga vikundi vya ngoma kwa barua ya mwaliko wa tamasha Ulaya au Kanada, ikifuatwa na ombi la ada ya viza. Ada ya viza hulipwa kwa utaratibu wa ubalozi wenyewe na risiti hutolewa. Haipiti kwenye simu ya mwandaaji.

Ada hizo huuma zaidi vikundi kuliko mtu mmoja mmoja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mweka hazina akitoa sehemu ya mkopo huo kulipa “wakala”, deni linabaki kwa wanachama wote. Kwa hiyo maofisa maendeleo ya jamii na maofisa utamaduni wanaofundisha vikundi kuandika katiba na kufungua akaunti wangepaswa kufundisha somo hili siku hiyohiyo, kabla hela ya mkopo haijatoka.

Kumpima mnunuzi hakuhitaji utaalamu. Aulizwe ni kazi ipi hasa anayoitaka na kwa nini hiyo. Aombwe kupiga simu ya video. Picha yake ya wasifu ipitishwe kwenye Google Lens kuona kama ni ya mtu mwingine. Akisema ana kampuni Tanzania, jina litafutwe kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Akidai anatoka katika duka au jumba la sanaa linalojulikana, namba itafutwe kwenye tovuti ya taasisi hiyo, isichukuliwe ile aliyoituma yeye. Wanunuzi wa kweli wapo hata jirani: WomenCraft ya Ngara, mkoani Kagera, imekuwa ikiuza nje vikapu vinavyosukwa na wanawake wa ukanda huo wa mpakani. Katika biashara ya namna hiyo hela hutoka kwa mnunuzi kwenda kwa msukaji.

Malipo yana kanuni zake. Nusu hulipwa kabla kazi haijaanza, nusu kabla mzigo haujaondoka, na usafiri ni juu ya mnunuzi. Ujumbe wa simu si malipo. Malipo ni salio. Mwenye M-Pesa abonyeze *150*00# na mwenye Airtel Money *150*60#, aone kiasi kwa macho yake. Kwa fedha za benki, aulizwe ofisa wa tawi kama zimeingia moja kwa moja au bado zinasubiri uthibitisho. Anayedai kuwa amezidisha au amekosea namba aelekezwe kwa mtandao wake wa simu, kwa sababu muamala uliokosewa hurekebishwa na mtandao, si na aliyepokea. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote. Mzigo upelekwe Posta kwa EMS, na namba ya ufuatiliaji, yenye herufi 2, tarakimu 9 na kumalizikia TZ, ihifadhiwe pamoja na risiti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la oda lenye jina la mnunuzi, namba yake, kazi aliyoagiza, bei na tarehe ya kila malipo humlinda msanii mara mbili: linamwonyesha mapema mahali hesabu inapokataa, na likitokea la kutokea, ni ushahidi.

Aliyekwisha kutapeliwa asifute ujumbe hata mmoja. Apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake wa simu, mara moja kuomba muamala uzuiwe, kwani hela ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kurudi. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa za utapeli. Kisha afike kituo cha polisi na daftari lake, afungue jalada na apewe RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu huu kuwa jinai, na aibu ya kudanganywa isimzuie mtu kuitumia.

Baada ya siku chache huenda akapigiwa na mtu mwingine, safari hii akijiita ofisa, mwanasheria au mtaalamu wa kompyuta aliyefanikiwa kuipata hela iliyoibwa. Ataomba ada ndogo ya kuikomboa. Huyo naye anadai chenji.