Mwenye Kuujua Mlima Apewe Neno la Mwisho

Mlima Kenya, ambao huonekana kutoka Isiolo asubuhi ambazo mawingu hayajauwahi, umezoeleka machoni petu kuwa pambo la upande wa kusini na asili ya maji ya Ewaso Ng'iro, na ni wachache miongoni mwetu wanaoufikiria kuwa mahali ambapo mtu aweza kupoteza maisha kwa sababu ya saa aliyochagua kupita. Nakusudia kuisema habari hiyo ya saa, maana naiona kuwa haki ya kila kijana wa pande hizi apandaye kwa kazi, ilhali hadi leo imehesabiwa kuwa elimu ya wageni.

Huko Uswisi, Austria na milima ya magharibi ya Marekani, wako watu wanaopanda kwa nguvu za miguu yao wakiwa na skii, mbali na njia zilizosawazishwa kwa mashine, ili wapate kuteremka kwa kuteleza juu ya theluji isiyoguswa. Na wakati wanaoutahadhari kwa namna ya pekee ni ule wa Machi hadi Mei, joto linapoanza kurudi. Usiku theluji huganda ikaubeba uzito wa mtu pasipo kudidimia; jua likipanda, maji hupenya katikati ya chembe zake yakailegeza ile shikamano iliyoziunganisha, mpaka mteremko mzima ukaachia na kuporomoka, umelowa na mzito. Aliyefukiwa asipochimbuliwa katika robo saa ya kwanza, tumaini la kumpata hai hupungua upesi mno. Na katika vifo vilivyo vingi vya maporomoko ya theluji, aliyeuchokoza mteremko ni marehemu mwenyewe au mwenzake. Kwa hiyo wajuzi huondoka kabla ya alfajiri na kurejea kabla ya adhuhuri, na nchi zao huwatangazia daraja ya hatari, tangu moja hadi tano, kama ifanyavyo taasisi ya SLF iliyoko Davos kila siku ya majira ya baridi.

Msomaji ataniuliza yatuhusu nini sisi, ambao binti yetu Sabrina Simader, aliyeshindana katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alilazimika kujifunza skii Austria. Yatuhusu sana. Yale majira ambayo Ulaya huyapata kwa majuma machache, ya kuganda usiku na kuyeyuka mchana, katika vilele vyetu vilivyo karibu na mstari wa ikweta hayana mwisho: kila usiku wa mwaka ni kipupwe na kila mchana ni kiangazi. Hata pande za mlima hupokezana. Kuanzia Juni hadi Oktoba jua huwa kaskazini, uso wa upande wetu ukakauka na ule wa kusini ukaganda, na Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Waliopanda zamani waliijua kanuni hiyo wakaitegemea. Kwayo, mwaka 1973, Phil Snyder, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi, pamoja na Mkenya mwenzetu Thumbi Mathenge, waliukwea kwa mara ya kwanza mfereji wa barafu uitwao Diamond Couloir. Nasi twalitaja jina la Mathenge mara chache kuliko linavyostahili.

Kanuni hiyo sasa inavunjika. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote za mlima ule, ilipoteza takriban sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na ule mfereji wa Mathenge, sehemu yake ya chini imepita misimu mingi bila kuganda ipasavyo. Barafu ikiondoka haiachi mwamba mtupu tu, bali huacha mawe ambayo kwa karne nyingi haikuwapo kani nyingine ya kuyashika. Januari mwaka 2006, katika njia ya Western Breach ya Kilimanjaro, majabali yaliyoachiwa hivyo yaliwaporomokea wapandaji na kuwaua Wamarekani watatu. Njia ikafungwa, na haikufunguliwa tena ila karibu na mwisho wa mwaka uliofuata.

Sisi wa Isiolo tusingehitaji kufundishwa hatari ya namna hii, kwa kuwa twaijua laga: mtu amelala kwenye mchanga mkavu chini ya mbingu safi, na mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali, asikoona, yakamchukua.

Barabara yetu ya kwenda Nanyuki ndiyo ichepukayo kuelekea lango la Sirimon, na juu yake, katika kambi ya Shipton, wapandaji wa kilele cha Lenana huamshwa mnamo saa nane au saa tisa za usiku. Wageni wengi hudhani kwamba huamshwa ili wawahi kulitazama jua likichomoza. Mwongozaji anajua zaidi: changarawe iliyoganda hukaa chini ya kiatu, na jua likiipiga, kila hatua moja hurudi nusu, na mawe ya juu huanza kushuka. Mgeni aliyechelewa kufunga viatu, akashikilia kuendelea saa nne ya asubuhi kwa kuwa amelipa fedha nyingi, hukaa chini ya mawe hayo pamoja na kijana asiyethubutu kumkatalia. Maana bahashishi ya kijana yule, ambayo aghalabu huzidi ijara yake machoni pa watoto wake, hungoja kilele.

Hapo ndipo penye dhuluma ninayoilalamikia. Nakiri kwamba kwa mpandaji wa kawaida wa Lenana adui mkubwa zaidi si jiwe bali ni maji kujaa mapafuni kwa sababu ya kupanda haraka mno; lakini dawa ya kwanza ya maradhi hayo nayo ni kushuka, na neno la kushuka hulitamka yule yule aliyefungwa mdomo na bahashishi. Wala msaada hauji upesi. Gert Judmaier wa Austria alipoanguka karibu na kilele cha Batian, Septemba mwaka 1970, baada ya jabali kung'oka, kumteremsha kulichukua zaidi ya juma zima, na rubani Jim Hastings alikufa helikopta yake ilipoanguka katika juhudi hizo.

Nawasihi, basi, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na serikali za kaunti zinazouzunguka mlima: wekeni katika malango ya Sirimon, Naro Moru na Chogoria ubao unaoandikwa kila jioni na walioshuka siku ile, useme barafu iko wapi, mawe yameanguka wapi, na mwisho wa kupita ni saa ngapi. Na iwe sharti la kila kampuni inayopewa ruhusa kwamba mwongozaji alipwe sawasawa, amefika kileleni au amerudi, na kwamba akisema turudi, mgeni hana rufani.