Mapambo Kutoka Chungu cha Supu

Kabla hujatupa mfupa wa supu ya leo, msomaji, hebu utazame vizuri. Baadhi ya mikufu na vipuli vinavyotamaniwa sana na wageni hutengenezwa kwa mifupa na pembe za ng'ombe, pamoja na shaba iliyoyeyushwa kutoka kwa mifereji na kufuli kuukuu.

Usidhani huu ni mtindo wa ng'ambo. Katika pango la Enkapune ya Muto, magharibi mwa Ziwa Naivasha, wachimbuzi walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa miaka 40,000 hivi. Pamoja nazo kulikuwa na nyingine ambazo hazikumalizwa. (Hata fundi wa enzi hizo alikuwa akiharibu kazi!) Na mnamo 1938, akina Leakey walipochimba pango la Mto Njoro, walikuta wafu wamezikwa na shanga za mawe.

Maganda ya mbuni hatukushauri uyaokote. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali. Mfupa wa ng'ombe hauna kesi, na buchari nyingi zitakupa kwa bei ya chini.

Uchemshe kwa maji na sabuni, ukibadilisha maji mara kadhaa, hadi mafuta yaishe kabisa. Ukiharakisha hapa, mkufu utageuka manjano na kunuka shingoni mwa mteja. Ukikauka, ukate kwa msumeno wa chuma, utoboe kwa keekee, kisha usugue kwa msasa mbaya na baadaye laini. Sugua mfupa ukiwa umelowa, nawe ujifunge kitambaa puani, kwani vumbi lake hudhuru mapafu. Fanyia kazi nje, mbali na watoto. Anayetaka rangi ya kahawia aloweke shanga usiku kucha katika chai ya rangi iliyokolea.

Sasa bei. Mwanafunzi wa Egerton anayetafuta pesa za matumizi huenda akatumia siku nzima kwa mkufu mmoja, kisha auuze kwa bei ya ule wa plastiki uliotoka kiwandani. Hapo amemfanyia mnunuzi kazi ya bure. Hesabu saa zako, si mfupa na uzi tu, na ukiombwa upunguze, mwonyeshe mteja tupa na msasa.

Ndoana za vipuli ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zile rahisi zenye nikeli huwasha masikio ya watu wengi.