Kilaza Ni Nani? Muulize Mwenye Kitambaa Machoni

Kuna neno moja la shuleni linanikera hadi leo: kilaza. Walimu wanalitumia, wanafunzi wanalitumia, na baada ya muda anayeitwa hivyo naye analiamini. Mara nyingi hukumu hiyo inatokana na jambo moja tu: mtoto hakukumbuka. Kaulizwa jedwali la kuzidisha, kaulizwa mwaka wa vita fulani, kakaa kimya. Basi, kilaza.

Leo nabishana na neno hilo, na shahidi wangu ni mchezo: ule mchemraba wa rangi sita aliobuni Mhangaria Ernő Rubik mwaka 1974.

Wengi wetu tumewahi kuushika, tukafanikisha upande mmoja, tukauweka chini. Sasa wapo watu wanaoupanga wakiwa wamejifunga kitambaa machoni. Usidhani wanapapasa, rangi haipapasiki. Wanautazama kwanza, wanajifunga, halafu wanaupanga wote bila kuuona tena. Saa inahesabu tangu wanapoanza kuutazama, na mabingwa wanamaliza kwa chini ya sekunde 15. Mwaka 2022 Mmarekani Graham Siggins alitazama michemraba 65 iliyovurugwa, akajifunga kitambaa, akapatia 62. Yote ndani ya saa moja.

Utasema huyo kazaliwa na kichwa cha ajabu. Ngoja nikueleze wanavyofanya, halafu useme tena.

Mchemraba una vipande 12 vya ukingoni, kila kimoja na rangi mbili, na vipande 8 vya kwenye kona, kila kimoja na rangi tatu. Piga hesabu: 24 na 24. Kila mahali pa rangi panapewa herufi. Kisha unachukua kipande cha kuanzia unajiuliza: huyu kwao wapi? Jibu ni herufi. Aliyekaa hapo naye kwao wapi? Herufi nyingine. Ukimaliza, fujo yote ile imegeuka mstari wa herufi kama 20 hivi. Mikono nayo imeshafundishwa mizunguko ya kurudisha kipande kimoja kwao bila kuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Wenzetu wanatumia A mpaka X. Lakini hesabu alfabeti ya Kiswahili: haina q wala x, na ina "ch" badala ya c. Herufi 24 kamili! Hatuhitaji kuazima.

Tatizo ni kwamba herufi 20 hazikai kichwani. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kuwa mtu huweza kushika vitu kama saba hivi kwa mara moja. Kwa hiyo wanazifunga mbili mbili, kila jozi inakuwa neno. Hapa Kiswahili kinatupendelea, maana maneno yetu yamejaa konsonanti na irabu zinazopokezana. K na M: kima. N na Z: nazi. P na K: paka. S na B: sabuni. Jozi zenye irabu utazitungia kanuni yako.

Halafu unaziweka mahali unapopajua. Chukua njia ya Posta kwenda Ubungo, ambayo mkazi wa Dar anaipita hata akisinzia. Kituo cha Fire, kima anavunja nazi kichwani mwa kondakta. Jangwani, paka anajipaka sabuni katikati ya mafuriko. Magomeni Mapipa jozi nyingine, Manzese nyingine. Ukishajifunga kitambaa, unapanda basi kichwani na kuokota herufi zako kituo kwa kituo. Upuuzi? Ndiyo, na ndiyo maana hausahauliki. Wajanja zaidi wanakariri kona kwa picha kwanza, ukingo wanauacha mwisho kwa sauti tu, kisha wanaanza kupanga ukingo kabla sauti haijapotea masikioni.

Ufundi huu si wa jana. Mroma Cicero aliuandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, akisimulia jinsi mshairi wa Kigiriki Simonides alivyowatambua waliofukiwa na jengo la karamu kwa kukumbuka kila mtu alikaa wapi. Hata babu zetu waliotunga tenzi walijua: vina na mizani ni pambo, lakini pia ni kamba ya kufungia maneno yasipotee.

Na wala haubagui. Mwaka 2017 Martin Dresler na wenzake walichapisha katika jarida la Neuron utafiti waliofanyia watu wa kawaida kabisa. Baada ya mazoezi ya nusu saa kwa siku, kwa siku 40, waliokuwa wakikumbuka maneno kama 26 kati ya 72 walifikia kama 62. Mwandishi wa habari Joshua Foer alikwenda mwaka 2005 kuripoti mashindano ya kumbukumbu ya Marekani. Mwaka uliofuata akarudi kushindana, akawa bingwa.

Sasa turudi darasani. Kila siku tunasikia kuwa kukariri kunaua akili, kwamba wanafunzi wetu wanameza madesa na kuyatapika kwenye mtihani. Nakubali nusu. Anayemeza asichoelewa hajasoma, na hakuna kima wala nazi itakayomfanya aelewe kemia. Lakini mwenye mchemraba naye anakariri, na anapokariri anatunga, anapanga, anaunganisha. Huko nako ni kufikiri.

Kosa letu ni kwamba tunamwamuru mtoto akumbuke miaka yote ya shule, tunamchapa akisahau, na hatumfundishi hata siku moja jinsi ya kukumbuka. Ni kama kumtupa mtu Bahari ya Hindi, akizama useme hana kipaji cha kuogelea.

Mtasema siku hizi kuna simu, ya nini kukariri? Simu haiingii chumba cha mtihani, wala haikusaidii kuunganisha mambo mawili ambayo hujui kama yapo.

Kipindi kimoja kwa wiki kingetosha: mahali, picha, jozi za herufi. Hakihitaji maabara wala msaada wa wafadhili. Baada ya hapo, kama bado tunamtafuta kilaza, tuanze na mfumo uliokuwa haujafundisha.

Au mnaonaje, wadau?